Kile kijibanda cha kupigia kura kilianzia Melbourne, 1856

Agosti 2022 nilikua karani wa uchaguzi kwenye kituo kimoja huku Kilifi, darasa la shule ya msingi, madawati yamesukumwa ukutani, na kazi yangu ilikua moja tu, kutoa karatasi. Karatasi sita kwa kila mtu: rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge, mwakilishi wa wadi. Unamkabidhi mtu, anaenda kwenye kijibanda, anarudi anatia kwenye masanduku, mwingine njoo. Nyuso za watu hata sikumbuki manake tangu asubuhi mpaka jioni ni mikono tu inakuja mbele yako. Lakini kuna mama mmoja namkumbuka. Mtu mzima, leso mbili, amekuja na mjukuu wake amemshika mkono. Nikamwamkia, akaitikia, akazipokea zile karatasi alafu hakuondoka. Akainama akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Mwanangu, pale nikishaweka alama yangu, nani atajua?"

Nikamwambia hakuna, mama, ni wewe na Mungu wako.

"Hata chifu?"

Hata chifu.

Akaniangalia vile unavyomwangalia muuza samaki anapokuapia kwamba samaki ni wa leo, alafu akaenda. Alikaa kule muda mrefu mpaka foleni ikaanza kunung'unika, na alipotoka karatasi zote sita alikua amezikunja vidogo vidogo kama mtu anayefunga pesa kwenye pindo la leso.

Swali lake limenikaa kichwani tangu siku ile. Kile kijibanda chenyewe ni kitu cha boksi tu, kimesimamishwa juu ya meza, ukikipuliza kinaanguka, ndugu zetu wa Tanzania wanakiita kituturi, na hakuna mtu anakifikiria hata mara moja. Lakini lazima kuna mtu wa kwanza aliyesema jamani, serikali ichape karatasi yenye majina ya wagombea wote, mtu apewe palepale kituoni, aende pembeni peke yake, aweke alama, akunje, atumbukize. Mimi nilidhani ni London. Si London, na Marekani pia si kwenyewe. Ni koloni la Victoria, kusini mashariki mwa Australia, kwenye uchaguzi wao wa kwanza kabisa wa bunge, mwaka 1856, na Waingereza wenyewe waliokua wakoloni wao walikuja kuiga miaka 16 baadaye.

Kabla sijafika huko Australia niseme kwanza kwa nini jambo hili linanigusa, manake kuna watu watauliza wewe na Melbourne wapi na wapi.

Mjombangu alipanga foleni mwaka 1988. Wakenya wa umri fulani mnajua nazungumzia nini, mlolongo, ule mchujo wa KANU, chama pekee wakati ule, wa Februari 1988, hakuna karatasi hakuna sanduku, unasimama nyuma ya mgombea wako au wakala wake au picha yake, juani, uwanjani, watu wanahesabiwa vichwa, na mgombea akipata zaidi ya asilimia 70 basi amepita moja kwa moja, hata ile kura ya siri ya baadaye haifanyiki. Mjomba alikua anafanya kazi kiwandani. Mkubwa wake wa kazi alikua upande mmoja, yeye roho yake ilikua upande wa pili, na akaenda akasimama anakotaka yeye, manake aliamini ni haki yake. Foleni yake ilikua ndefu, kila mtu aliiona, na bado aliyetangazwa mshindi ni wa foleni fupi. Wiki ileile akaambiwa kiwandani hakuna kazi tena. Barua hakupewa wala sababu hakuambiwa. Wanasiasa waliodhulumiwa na mlolongo wameandikwa sana kwenye vitabu na mi sina neno, lakini wale waliosimama nyuma yao wakarudi nyumbani hawana kazi ni nani amewaandika?

Sasa hebu ona kwamba miaka mia moja na zaidi kabla ya mlolongo, hivohivo ndo watu walivokua wakipiga kura Uingereza na makoloni yake mengi. Kulikua na jukwaa, wagombea wanapanda wanahutubia, watu wananyoosha mikono, na mgombea asiporidhika anadai kura zihesabiwe vizuri, hapo sasa mpiga kura mmoja mmoja anapita mbele ya karani na kutamka kwa mdomo wake anamtaka nani, karani anaandika kwenye daftari. Jina lako na uliyemchagua, vyote viwili, na Uingereza madaftari yale yalikua yanachapwa na kuuzwa, yeyote anunue asome. Mwenye nyumba uliyopanga anasoma, tajiri wako wa kazi anasoma, muuza duka anayekukopesha unga naye anasoma. Na pombe, sijui niseme nini kuhusu pombe, baa zilikua zinafunguliwa na wagombea, mtu anakunywa bure tangu asubuhi alafu anaongozwa kwenda kutamka jina.

Melbourne yenyewe walishaonja. Mwaka 1843 eneo lile bado ni sehemu ya New South Wales, Henry Condell akamshinda Edward Curr, na baada ya matokeo ni fujo mitaani. Mwaka 1848 wakafanya kitu ambacho mimi nilikisoma mara mbili kuhakikisha, walichoka kutawaliwa kutoka Sydney, wakaona hata kutuma mjumbe huko ni kazi bure, basi wakamchagua Earl Grey, waziri wa makoloni mwenyewe, aliyekua amekaa zake London, awe mjumbe wa Melbourne! Ujumbe ulifika. Tarehe 1 Julai 1851 Victoria ikatengwa ikawa koloni lake.

Na hapohapo, mwaka uleule, dhahabu.

Kwenye sensa ya 1851 Victoria ilikua na watu kama 77,000, kufika 1861 wamepita 500,000. Watu wametoka Uingereza, Ireland, Ujerumani, Marekani, China, kila mahali, wanachimba Ballarat, wanachimba Bendigo, wanakaa kwenye mahema na matope. Na serikali ya gavana ikawatoza leseni, shilingi 30 kwa mwezi, upate dhahabu usipate, unalipa. Askari wanapita kwenye mashimo, leseni iko wapi, huna, unafungwa mnyororo kwenye gogo. Babu zetu waliovaa kipande shingoni, kile kitambulisho cha mkoloni, wangeuelewa mchezo huu bila kutafsiriwa. Na mchimbaji huyohuyo anayelipa hana kura. Wengi wao pia walikua wameshawasikia Wachartisti kule Uingereza, wale wafanyakazi waliokua wanadai tangu 1838 kila mwanamume apewe kura na kura iwe ya siri, kwa hiyo maneno ya kudai walikuja nayo toka nyumbani.

Novemba 1854 wakakusanyika Bakery Hill pale Ballarat wakaunda umoja wao wa kudai mageuzi, na kufika mwisho wa mwezi wanachoma leseni motoni, wanaapa chini ya bendera ya nyota za Msalaba wa Kusini, kiongozi wao Peter Lalor, kijana kutoka Ireland. Wakajenga boma la magogo mahali panaitwa Eureka. Alfajiri ya Jumapili tarehe 3 Desemba 1854 askari wakavamia, mapigano hayakufika hata nusu saa, wachimbaji kama 22 au zaidi wakafa na askari kadhaa pia, Lalor akapigwa risasi na mkono wake wa kushoto ukakatwa.

Watu 13 wakashtakiwa kwa uhaini, kosa la kunyongwa. Na hapa msomaji wangu nataka usimame kidogo kama mimi nilivosimama. Wa kwanza kupandishwa kizimbani, Februari 1855, alikua mtu mweusi. John Joseph, Mmarekani mweusi, mmoja wa waliokamatwa kwenye boma. Wazungu wamejaa kule Ballarat lakini wa kuanza naye ni yeye, na mimi sioni sababu nyingine isipokua walidhani yeye ndo rahisi, wazee wa baraza watamtia hatiani haraka alafu wengine wafuate. Wale wazee wa baraza wakasema hana hatia. Watu waliokua nje wakambeba kwenye kiti wakazunguka naye mitaa ya Melbourne. Wengine wote nao wakaachiliwa, mmoja baada ya mwingine.

Mmoja wa mawakili waliomtetea John Joseph ni Henry Samuel Chapman. Shika jina hilo.

Baada ya damu ile serikali ikalegeza. Leseni ya kila mwezi ikafutwa, ikaja hati ya mchimbaji ya pauni moja kwa mwaka, na ukiwa nayo unapata kura. Lalor, yuleyule aliyekua anasakwa kwa zawadi ya pesa, Novemba 1855 akaingia Baraza la Kutunga Sheria kama mjumbe wa Ballarat bila kupingwa, na mkono mmoja. Na mwezi huohuo katiba mpya ikatangazwa, Victoria ijitawale mambo yake ya ndani, mawaziri wawajibike kwa bunge lililochaguliwa, gavana anabaki lakini hatawali peke yake tena. Waziri mkuu wa kwanza William Haines. Kwa hiyo kilichobaki ni sheria ya uchaguzi, hilo bunge la kwanza lichaguliweje.

Haines na wenzake walitaka mtindo uleule wa wazi. Desemba 1855 akasimama William Nicholson, huyu alikua mfanyabiashara wa duka la vyakula na alishakua meya wa Melbourne, akaleta hoja kwamba kura iwe ya siri. Wapinzani wakasema mwanamume kamili haogopi kusema anachokiamini, kujificha kwenye kibanda ni uoga, si desturi ya Mwingereza. Na usidhani ni wajinga tu waliosema hivo, hata mwanafalsafa John Stuart Mill, mtu aliyetetea uhuru maisha yake yote, miaka michache baadaye aliandika kwamba kura ni dhamana unayowashikia wenzako kwa hiyo uipige mbele yao.

Hoja ya Mill nimeifikiria sana, sikuitupa hivihivi. Inavutia. Lakini ni hoja ya mtu ambaye hakuna anayeweza kumnyima unga. Mjombangu alipiga kura mbele ya watu, kwa ujasiri, kama Mill alivotaka, na watoto wake wakalala na uji.

Hoja ya Nicholson ikapita, 33 kwa 25. Haines akajiuzulu. Gavana Hotham akamwambia Nicholson basi unda serikali, na Nicholson hakuweza kupata watu, na katikati ya sintofahamu hiyo Hotham akafariki tarehe 31 Desemba, Haines akarudishwa. Hoja imeshinda lakini hakuna aliyejua itafanyikaje kwa vitendo. Manake kusema "kura iwe siri" ni rahisi. Marekani walikua tayari wanapiga kwa karatasi na siri haikuwepo, kila chama kinachapa karatasi yake, rangi yake, ukubwa wake, unapewa na mtu wa chama mlangoni na anakutazama mpaka unaitia sandukuni. Sasa hiyo ni siri gani?

Ndo akaja Chapman, yule wakili. Alikua ameshazunguka, ameendesha gazeti Montreal, amekua jaji New Zealand, Tasmania alifukuzwa kwenye cheo kwa kukataa kutetea usafirishaji wa wafungwa. Akakaa akaandika vifungu. Serikali ndo ichape karatasi, si mgombea. Majina ya wagombea wote yawe kwenye karatasi moja. Karatasi ipatikane kituoni tu, imetiwa sahihi na msimamizi, usije na yako kutoka nyumbani. Mtu aende mahali palipotengwa, peke yake, akate kwa kalamu majina asiyoyataka na kuacha anayemtaka, akunje, aitumbukize kwenye sanduku mwenyewe. Basi. Ukisoma hivi unaona ni kitu kidogo mno, yaani ni utaratibu wa karani, ni kazi niliyokua naifanya mimi pale Kilifi, lakini kila kifungu kinaziba tundu moja ambalo tajiri alikua anachungulia.

Sheria ikapita Machi 1856. Majirani zao Tasmania na South Australia nao wakapitisha za kwao mwaka uleule, wamepishana kwa wiki tu, na mpaka leo watu wa huko wanabishana nani alitangulia, mimi siingii huko.

Aprili ya mwaka huo, wakati jengo la bunge linajengwa Melbourne, mafundi wa mawe waliweka nyundo chini wakaandamana kudai siku ya kazi iwe masaa manane, wakapita mpaka kwenye eneo la lile jengo, na wakashinda bila kukatwa mshahara. Napenda sana kuwafikiria hawa. Kuta za bunge zimejengwa na watu waliokua wameshajua kudai, na kumbi mbili zikawa tayari kwa wakati.

Uchaguzi wenyewe ulianza Agosti kwa baraza la juu lenye viti 30, ukaendelea Septemba na Oktoba kwa bunge la chini, viti 60. Na habari kubwa ni kwamba hakukua na habari. Watu walizoea siku ya uchaguzi ni ngoma, bendera, ulevi na mawe, safari hii mtu anaingia anatoka anaenda zake kazini, na hata waliokua wanaipinga sheria ile walikubali kwamba mambo yalikua matulivu. Ukishindwa kujua nani kampigia nani hata kumnunulia pombe unaona ni hasara, utajuaje kama alitimiza? Bunge likafunguliwa rasmi tarehe 25 Novemba 1856, spika wa kwanza Francis Murphy. Lalor ndani. Haines ndani na serikali yake, ingawa Machi 1857 ikaanguka, akaja John O'Shanassy kwa wiki chache, ikaanguka naye, akarudi Haines tena, yaani vurugu za kawaida za bunge changa.

Sasa msinielewe vibaya, sisemi ilikua pepo. Siri walipewa, lakini walipewa nani? Wanaume tu, na si wote, ilitakiwa uwe na mali au pango au mshahara wa kiwango fulani au ile hati ya mchimbaji. Mwenye mali sehemu mbili anapiga sehemu mbili. Na kugombea bunge la chini ilibidi umiliki mali ya pauni 2,000. Charles Gavan Duffy, mwanasiasa wa Ireland aliyekua ndo kwanza amefika, ilibidi watu wachange pesa apate mali ya kumruhusu agombee, na wakachanga, na akachaguliwa. Kila mwanamume alipata kura mwaka 1857. Wanawake wa Victoria mwaka 1864 walipiga kura kwa sababu sheria iliandikwa "watu wote" wanaolipa kodi za halmashauri, wakajitokeza na karatasi zao za kodi, na bunge mwaka uliofuata likakimbia kurekebisha neno hilo wasirudi tena, wakangoja mpaka 1908. Inauma hiyo. Wachina wao mwaka 1855 waliwekewa kodi ya pauni 10 kwa kichwa ukishuka tu bandarini, wengi wakashukia Robe kule South Australia na kutembea mamia ya kilomita kwenda kwenye machimbo.

Na wenye ardhi. Melbourne ni ardhi ya Wawurundjeri na ndugu zao wa Kulin, wazungu walifika 1835, yaani mtu mzima wa 1856 alikua ameuona mji wote unaota juu ya makaburi ya babu zake. Hakuna kifungu kilichowataja kuwakataza, na hakukua na haja, manake ukishamnyang'anya mtu ardhi alafu ukasema kura ni ya mwenye mali, umemaliza. Baadaye watu wao waliokaa kituo cha Coranderrk, wakiongozwa na wazee kama William Barak, walikua wanatembea kwa miguu mpaka Melbourne, kama kilomita 60, kwenda kuongea na mawaziri uso kwa uso wasinyang'anywe hata hapo. Kura hawakua nayo, wakatumia miguu.

Mtindo huohuo wa kupima watu kwa mali Waingereza walikuja nao kwetu miaka mia baadaye, mnakumbuka au mmesimuliwa, Kenya 1957 Mwafrika anapimwa kwa elimu na kipato na utumishi, mwingine anapewa kura moja, mwingine mbili, mwingine tatu, wengi hawana kabisa, na Tanganyika 1958 na 1959 mpiga kura analazimishwa kuchagua watatu kwa mpigo, Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Lakini kijibanda kilikuwepo. Kilikua kimeshazunguka dunia: New Zealand 1870, Uingereza 1872, Kanada 1874, Ubelgiji 1877, Marekani kuanzia 1888, na Wamarekani mpaka leo wanaiita "kura ya Australia". Uingereza mara ya kwanza ilikua uchaguzi mdogo wa mji wa Pontefract, Agosti 1872, na sanduku walilifunga kwa lakiri wakaligonga muhuri wa kiwanda cha peremende za susi.

Kuna kitu kimoja nimekiacha makusudi mpaka hapa. Yule mama aliniuliza nani atajua, nikamwapia hakuna. Kwenye sheria ya Victoria ya 1856, msimamizi aliandika kwenye karatasi namba ya mpiga kura kutoka kwenye daftari. Walitaka wizi ukitokea waweze kuitafuta ile kura na kuiondoa, nia ilikua nzuri, lakini maana yake mtu mwenye daftari na karatasi mkononi akitaka, anajua. Majirani wa South Australia ndo waliokataa, kwao karatasi haikua na namba ya mtu, na msimamizi wao mkuu William Boothby akaleta kile kimraba pembeni ya jina, unaweka msalaba ndani yake badala ya kukata majina, ndo tunachofanya mpaka leo. Kwa hiyo swali la yule mama si la ushamba hata kidogo. Wanasheria wazima, wasomi, waliifikiria siri miezi kadhaa na bado waliacha mlango wazi pale hasa alipouliza yeye.

Mjomba alirudi kwenye kura ya siri tarehe 29 Desemba 1992, uchaguzi wa vyama vingi. Mlolongo ulikua umeshafutwa. Alivaa shati lake la Idi, akatoka alfajiri, akarudi saa tano kidole kina wino, akaomba chai. Vijana wote tulikua barazani tunabishana, huyu Matiba, huyu Kibaki, huyu Jaramogi, huyu Moi, tukamvamia, mjomba umempa nani? Akasema, "Hayo yamebaki kule." Tukamsumbua mwezi mzima. Uchaguzi wa 1997 hivohivo, wa 2002 hivohivo. Alifariki miaka kadhaa iliyopita na bado tukikutana nyumbani jambo hilo linaibuka, mamangu anamtaja mmoja na kuapa kwamba alikua yule, na shangazi, ambaye ni mkewe, aliyelala naye kitanda kimoja miaka yote hiyo, anasema haiwezekani, ila na yeye hajui.